Kayaki kwenye hori ya Tudor

Mimi ni mtu wa Uvira, nimekua na ziwa, lakini pirogi ya kwetu unakaa juu yake. Kayaki unaivaa. Miguu inanyooshwa mbele, kiuno kiko karibu sawa na maji, na kasia ni moja lenye vibao viwili, huku na huku. Waliokibuni chombo hiki ni Wainuit wa nchi za barafu, wakakitengeneza kwa ngozi ili kuwinda sili. Mimi nilipewa cha plastiki, cha rangi ya chungwa, kwenye hori ya Tudor nyuma ya kisiwa cha Mombasa. Karatasi yangu ya ruhusa ya kutoka kambini ilikuwa ya siku nne. Tatu zilishaliwa na semina.

Dakika kumi za kwanza nilizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Kijana aliyetuongoza akacheka: “Kaka, usipigane na maji. Yanajaa, yatakupeleka yenyewe.” Kweli, yakanipeleka. Kelele za malori zikabaki nyuma, tukaingia kwenye mikoko, kimya kabisa, kaa tu wakipanda mizizi. Nikauliza, ukienda hivi hivi unafika wapi? Akanyoosha kasia kuelekea vilimani: “Rabai.”

Jina hilo nalijua kutoka vitabuni. Mwaka 1846 wamisionari Krapf na Rebmann walihamia huko kutoka Mombasa, na njia yao ilianza kwa mashua, kwenye maji haya haya. Lakini mimi siwawazii sana hao. Nawawazia watoro, yaani watumwa waliotoroka mashamba ya pwani na kukimbilia misheni. Wakubwa hawakupenda wapokelewe, maana waliogopa kugombana na wenye mashamba. Rabai iliwapokea hata hivyo. Aliyekuwa akiiongoza miaka hiyo ya 1880 alikuwa William Jones, Mwafrika ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa, akakombolewa na kusomea India. Huyo hakuhitaji kuelezwa mtoro ni nani.

Mwaka 1888 mabwana walikuja juu, wanataka watu wao. Ikabidi Mackenzie, mkuu wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa inaanza kazi pwani, atafute suluhu. Kumbe suluhu yenyewe ilikuwa pesa! Mabwana walilipwa fidia, na mwanzoni mwa 1889 watoro zaidi ya 1,400 wa vituo vya misheni wakapewa vyeti vya uhuru. Bwana akapata pesa, mtoro akapata karatasi. Sisemi karatasi ni kitu kidogo, wasomaji wa hapa mnanielewa. Ila walikuwa wameshajikomboa kwa miguu yao, wamelima, wamezaa, wengine kwa miaka mingi, ndipo mtu akaja kuandika kwamba wako huru. Na waliobaki mashambani? Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907.

Rabai yenyewe hatukufika. Maji yalianza kupwa, na kijana akasema tukichelewa tutaburuta kayaki kwenye tope. Mabega yaliniuma hadi kesho yake, kwenye basi la kurudi. Njiani askari akapanda, akaomba karatasi. Nikampa. Akaisoma mbele, akaigeuza akasoma na nyuma, ingawa nyuma hapakuandikwa kitu.