Harusi ya Kienyeji: Historia ya Neno na ya Bidhaa katika Kawetele, Rungwe

Mhadhara huu unakusudia kuchunguza neno moja, kienyeji, kwa kulitazama mahali ambapo maana yake hupimwa kwa fedha, yaani katika mipango ya harusi. Mfano wetu ni Kawetele, kata iliyo katika eneo la mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe. Familia ya huko inapoamua kwamba vyakula, vyombo na mapambo ya harusi yake vitoke kwa wakulima na mafundi wa karibu, je, inarudi kwenye mila ya kale? Hoja yangu ni kwamba historia haituonyeshi mila ya kale iliyojitosheleza kwa kila kitu. Inatuonyesha wenyeji waliowajua waliowatengenezea vitu vyao, na waliokuwa na wajibu kwao.

Tuanze na neno lenyewe. Mwenyeji huelezwa kuwa limetokana na mwenye na mji: ni mtu mwenye makazi, apokeaye wageni. Kwa hiyo kienyeji, kwa umbo lake, ni namna ya mwenyeji. Wakati wa ukoloni neno wenyeji lilitumika kuwataja watawaliwa, na kienyeji likabebeshwa dharau. Dharau hiyo haijatoweka. Fundi wa kienyeji ni yule ambaye ujuzi wake hauna cheti, na kwa sababu hiyo hulipwa kidogo. Hata hivyo, kuku wa kienyeji husifiwa kwa utamu na huuzwa ghali kuliko kuku wa kisasa. Neno lilelile linampandisha kuku na kumshusha fundi.

Msamiati wa harusi nao una safari zake. Harusi na mahari ni maneno yenye asili ya Kiarabu, yaliyopanda kutoka pwani. Katika sheria ya Kiislamu mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Yalipofika kwa Wanyakyusa, jina hilo lilivikwa desturi nyingine: ng'ombe waliopelekwa kwa baba wa binti. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938, alieleza jinsi ng'ombe walioingia kwa ndoa ya binti walivyoweza kutoka tena kwa ndoa ya kaka yake. Jina lilikuwa geni, lakini mali ilikuwa ya nyumbani, na kila ng'ombe alikuwa na historia iliyojulikana. Kinyume chake ni ndafu. Mbuzi huyu wa kuchomwa mzima ni desturi ya Wachaga wa Kilimanjaro, na siku hizi huingizwa ukumbini katika harusi za makabila mengi kama jambo la mila.

Bidhaa nazo zilisafiri. Joseph Thomson, aliyepita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, alisifu migomba na nyumba nadhifu za nchi hiyo. Ndizi, maziwa na mianzi vilipatikana mlimani, lakini vyungu vizuri vilitoka ziwani. Wanawake wa Kikisi wa pwani ya Matema, ambako ardhi ya kulima ni finyu, walifinyanga vyungu na kuvibadilisha kwa chakula. Kwa hiyo hata chungu cha sherehe kilichoonekana cha asili kilikuwa bidhaa ya biashara. Tofauti ni kwamba mnunuzi alijua kimetoka kwa nani, na mfinyanzi alikula mazao ya mnunuzi.

Fedha ilibadili uhusiano huo hatua kwa hatua. Kahawa, na baadaye chai, ziliwapa wakulima wa Rungwe kipato. Vijana wengine walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, Chunya, na migodi ya kusini zaidi. Ujira wao ulinunua ng'ombe, na pia nguo na mablanketi. Leo kamati ya harusi huandika bajeti, hugawa kadi na kukusanya michango. Katika kamati limo neno la kigeni. Katika michango umo utaratibu wa zamani wa kuchangiana. Ndugu na majirani ndio wanaotoa, lakini sehemu ya fedha yao huondoka siku hiyohiyo: maua ya plastiki, vyombo vya kukodi kutoka mbali, zawadi za kiwandani kutoka ng'ambo.

Hapa ndipo uamuzi wa familia ya Kawetele unapopata uzito. Ndizi na maziwa vipo Rungwe, mchele upo Kyela, majani ya chai yanasindikwa Katumba, vyungu vinafinyangwa Matema, na mafundi cherehani wapo Tukuyu. Kupanga harusi kwa bidhaa hizi kunadai kazi: mfinyanzi aagizwe mapema, kwa kuwa udongo hauharakishwi katika nchi yenye mvua nyingi, fundi apewe malipo ya awali, bei isipunguzwe kwa kisingizio kwamba ni vitu vya kienyeji tu. Kamati inayomlipia mpambaji wa mjini bila kusita, kisha ikamwomba msusi wa mikeka amalizie kwa shukrani, haijatoka katika maana ya kikoloni ya neno hili.

Wanaisimu hatuna mamlaka ya kuamuru maana. Maana hufuata matumizi. Lakini matumizi nayo hufuata malipo. Kuku wa kienyeji alipata heshima pale walaji walipokubali kumlipia zaidi. Fundi wa kienyeji ataipata kwa njia hiyohiyo, na harusi, ambapo mwenyeji huonekana mbele ya watu wake wote, ni mahali pafaapo kuanzia. Mwenyeji asiyemtambua aliyemfinyangia chungu amebaki na mji, lakini amepungukiwa na uenyeji.