Vijana, magenge na tofauti za watu: mafunzo ya mpakani Rusizi yanalenga nini?

Kata ya Gihundwe iko wilayani Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, jirani na mji wa Kamembe. Ng'ambo ya Mto Rusizi, unaotoka Ziwa Kivu kuelekea Ziwa Tanganyika, ndiko uliko mji wa Bukavu, makao makuu ya jimbo la Kivu Kusini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wachuuzi huvuka daraja asubuhi na kurejea jioni, na katika soko moja husikika Kinyarwanda, Kimashi, Kiswahili na Kifaransa.

Mahali kama hapo, suala la vijana wanaovutwa na magenge, na la namna ya kuwafundisha kuishi na watu wasiofanana nao, halina budi kutazamwa kwa uzito. Makala haya yanaeleza historia ya suala hilo katika eneo la zamani la Cyangugu, aina za mafunzo yanayotolewa nchini Rwanda na katika nchi jirani, yale ambayo utafiti umeyaonyesha, na mambo ambayo mafunzo peke yake hayawezi kuyatatua.

Watu wa mpakani na lugha zao

Hadi mwaka 2006 eneo hili lilikuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu. Mageuzi ya utawala ya mwaka huo yaliugawa mkoa huo katika wilaya mbili, Rusizi na Nyamasheke, ndani ya Jimbo la Magharibi. Kusini mwa wilaya ya Rusizi lipo bonde la Bugarama, lenye mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji cha CIMERWA, karibu na mahali inapokutana mipaka ya Rwanda, Burundi na Kongo.

Kiswahili kilifika Rwanda pamoja na wafanyabiashara na askari wa enzi ya Wajerumani. Wasemaji wake, wengi wao wakiwa Waislamu, walikuwa wachache na walitengewa mitaa yao. Kwa miongo mingi neno "Mswahili" lilimaanisha mtu wa mtaa fulani, mwenye dini fulani na kazi fulani, na mara nyingi lilibeba dharau. Mwaka 2017 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, miaka 10 baada ya Rwanda kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lugha iliyowatambulisha wachache ikawa lugha ya taifa zima kisheria, ingawa mazoea ya watu hayabadiliki kwa haraka kama sheria.

Genge lililofunzwa kuua

Anayetaka kuzungumza na vijana wa Rusizi kuhusu magenge hawezi kuukwepa mwaka 1994. Interahamwe walianza kama umoja wa vijana wa chama tawala cha MRND, baada ya mfumo wa vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1991. Chama cha CDR nacho kilikuwa na vijana wake, Impuzamugambi. Mwanzoni walionekana kwenye mikutano ya hadhara, wakiimba na kuvaa sare. Kuanzia miaka ya 1992 na 1993 wengi wao walipewa mafunzo ya kijeshi na silaha, wakageuka kuwa wanamgambo. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Aprili 1994, walikuwa miongoni mwa watekelezaji wakuu.

Katika mkoa wa Cyangugu, watu waliokimbilia kanisa kuu la Cyangugu walihamishiwa uwanja wa michezo wa Kamarampaka katikati ya Aprili, na baadhi yao walitolewa humo wakaenda kuuawa. Tarehe 29 na 30 Aprili yalifanyika mashambulizi katika parokia za Shangi na Mibilizi. Kwa mashambulizi hayo, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa na makao yake Arusha, ilimtia hatiani Yusuf Munyakazi, kiongozi wa Interahamwe wa Bugarama. Mwaka 2010 alihukumiwa kifungo cha miaka 25, na mwaka 2011 mahakama ya rufaa iliithibitisha adhabu hiyo.

Historia hiyo ina fundisho zito kwa kila anayeandaa warsha. Neno "mafunzo" peke yake si jema wala baya. Vijana wale walikuwa na mafunzo, mshikamano, nyimbo, viongozi na hisia ya kuwa na kazi muhimu ya kufanya. Kilichokosekana ni uhuru wa kukataa na kumtambua jirani kuwa binadamu mwenzao.

Hata hivyo, si sahihi kuwabebesha vijana peke yao lawama. Mtafiti wa Kimarekani Scott Straus aliwahoji wafungwa 210 waliokuwa wamehukumiwa kwa kushiriki mauaji hayo, na matokeo aliyachapisha mwaka 2006. Wengi walikuwa wanaume wa makamo, wakulima wa kawaida, na sababu kubwa waliyoitaja ilikuwa shinikizo la wanaume wenzao pamoja na hofu ya vita, kuliko chuki ya muda mrefu. Vikundi vidogo vyenye ukatili viliongoza, wengine wakafuata kwa kuogopa kuonekana wasaliti.

Kutoka kambi za mshikamano hadi darasani

Baada ya mwaka 1994, serikali ya Rwanda ilianzisha kambi za mshikamano ziitwazo ingando, ambamo wanafunzi, waliokuwa wapiganaji na wakimbizi waliorejea walikaa pamoja na kufundishwa historia, uraia na maridhiano. Tume ya Taifa ya Umoja na Maridhiano, iliyoundwa mwaka 1999, ilizisimamia kwa miaka mingi. Mwaka 2007 ulifufuliwa mfumo wa itorero, uliochukua jina la taasisi ya zamani ya kuwalea vijana, na mwaka 2021 majukumu hayo yaliwekwa chini ya wizara mpya ya Umoja wa Kitaifa na Uwajibikaji wa Kiraia.

Asasi za kiraia nazo zimekuwa na njia zao. Never Again Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 2002, huwakutanisha vijana katika vilabu na midahalo. Aegis Trust, pamoja na washirika wake, iliendesha mpango wa elimu ya amani kuanzia mwaka 2013, na maonyesho yake yalizungushwa wilayani. Elimu ya amani na maadili kisha ikaingizwa katika mtaala mpya wa shule uliozinduliwa mwaka 2015.

Kwa watu wa mpakani, muhimu zaidi ni juhudi zinazovuka mto. Shirika la Interpeace limefanya kazi na asasi za Rwanda, Burundi na Kongo, ikiwemo Action pour la Paix et la Concorde ya Bukavu, kuchunguza jinsi wanasiasa wanavyotumia utambulisho wa watu kuwagombanisha. Kijana wa Gihundwe na mwenzake wa Bukavu hukutana sokoni kila wiki, lakini ni nadra kuulizana kila mmoja ameambiwa nini nyumbani kuhusu mwenzake.

Redio ilibadili nini?

Mwaka 2004 shirika la Radio La Benevolencija lilianza kurusha mchezo wa redio wa Kinyarwanda uitwao Musekeweya, yaani mapambazuko mapya, unaosimulia uhasama wa vijiji viwili vya kubuni. Wahusika wake vijana huwapinga viongozi wanaochochea ugomvi. Ujumbe wake mkuu ulikuwa kwamba vurugu hukua hatua kwa hatua, na kwamba mtazamaji anayenyamaza huzisaidia kukua.

Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alilinganisha vikundi vilivyosikiliza mchezo huo kwa mwaka mmoja na vikundi vilivyosikiliza kipindi cha afya. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalikuwa ya kushangaza kidogo. Imani za watu binafsi hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni maoni yao kuhusu kinachokubalika katika jamii, pamoja na mwenendo wao. Vikundi vilipopewa redio na kaseti za kutumia pamoja, wasikilizaji wa Musekeweya walielekea zaidi kujadiliana na kuzisimamia kwa pamoja, ilhali wengine walielekea kumwachia kiongozi wa mtaa.

Kwa waandaaji wa warsha, maana yake ni kwamba si lazima kijana aondoke amebadilika moyo wote. Inatosha, kwa kuanzia, ajue kwamba si yeye peke yake asiyependa ukatili, na kwamba wenzake watamuunga mkono akikataa.

Magenge ya leo

Magenge ya sasa katika ukanda huu hayafanani na wanamgambo wa 1994. Huko Rubavu, mwisho wa kaskazini wa Ziwa Kivu, wakazi wamelalamikia kundi la vijana waporaji waliojulikana kama Abuzukuru ba Shitani, yaani wajukuu wa Shetani. Dar es Salaam imekuwa na Panya Road, na Kinshasa ina kuluna. Mengi ya makundi haya huanza na ukosefu wa kazi, kuacha shule, dawa za kulevya na, mipakani, faida ya haraka ya magendo.

Nguvu peke yake imeacha makovu. Operesheni Likofi iliyoanzishwa na polisi wa Kinshasa Novemba 2013 dhidi ya kuluna ililaaniwa na Umoja wa Mataifa na Human Rights Watch kwa mauaji ya vijana nje ya sheria. Rwanda kwa upande wake huwapeleka baadhi ya vijana wanaume katika kituo cha kisiwa cha Iwawa, ndani ya Ziwa Kivu, kilichofunguliwa mwaka 2010, ambako hujifunza ufundi kama useremala, ujenzi na ushonaji. Serikali huueleza mpango huo kuwa ni urekebishaji, lakini mashirika ya haki za binadamu yamekosoa jinsi watu wanavyokamatwa na kushikiliwa katika vituo vya muda bila kufikishwa mahakamani.

Kufundisha tofauti zisizotajwa

Mkufunzi wa Rwanda hukabiliwa na ugumu wa pekee. Vitambulisho vilivyotaja kabila, vilivyoletwa na wakoloni wa Kibelgiji katika miaka ya 1930, vilifutwa baada ya 1994, na sera ya leo husisitiza Unyarwanda mmoja. Sheria dhidi ya itikadi ya mauaji ya kimbari imerekebishwa mwaka 2013 na 2018, na wapo wanaoiona kuwa kinga ya lazima, na wengine wanaohofia kuwa inafunga mijadala. Hata hivyo kijana hukutana na tofauti kila siku: za dini, lugha, ulemavu, umaskini, historia ya familia, na ya Watwa ambao hutajwa rasmi kuwa watu walioachwa nyuma kihistoria.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoweza kusaidia. Kwa kuwa husikika pande zote mbili za mto, si lazima kimpe mmoja nafasi ya mwenyeji na mwingine ya mgeni. Mzungumzaji mdogo wa Kiswahili, ambaye ameonja kuitwa mtu wa pembeni, anaweza kuwa mfasiri na mpatanishi mzuri.

Mambo manne ya kuangalia

Wazazi, viongozi wa dini na wa mitaa wanaoalikwa kupeleka vijana warshani wanaweza kuuliza maswali yafuatayo. Je, vijana waliokwisha kuingia kwenye makundi wamealikwa, au ni wale watulivu tu? Je, kuna nafasi ya kuuliza na kupinga, au ni hotuba? Je, yapo mazoezi ya kukataa shinikizo la wenzao? Na je, baada ya warsha kuna ufundi, shule au mtaji, au kijana anarudi kwenye kijiwe kilekile?

Maswali hayo yana uzito zaidi sasa. Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, vita vimesogea hadi ukingo wa mto. Ng'ambo ya pili, kundi lenye silaha linaweza kumpa kijana asiye na kazi chakula, jina na bunduki kwa siku moja. Mafunzo yanayoshindana na ahadi hiyo yanahitaji muda mrefu zaidi, na watu watakaobaki naye baada ya vyeti kugawiwa.