Waliokuja kwa Mtumbwi

Ukisimama ufukweni mwa Ziwa Victoria huko Mbita, Kaunti ya Homa Bay, kisiwa cha Mfangano kinaonekana kama nundu ya ng'ombe aliyezama majini. Kufika huko bado ni kwa boti. Jirani yake Rusinga iliunganishwa na bara kwa tuta la mawe miaka ya 1980. Wavuvi walilinung'unikia tuta hilo miaka mingi kwa kuziba mkondo wa maji, hadi lilipofunguliwa na daraja likajengwa.

Wenyeji wa visiwa hivi, Abasuba, nao walikuja kwa mtumbwi. Masimulizi yao yanawatoa upande wa Buganda katika karne ya 18, wakikimbia vurugu za kugombea ufalme. Hawakukuta mahali patupu. Katika pango la Mawanga na kwenye mwamba wa Kwitone, huko Mfangano, kuna duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, zilizochorwa na wawindaji wanaosemekana kuwa Watwa. Abasuba hawakuzifuta, waliziheshimu, wakazihusisha na kuomba mvua. Rusinga ina ya kale zaidi: mwaka 1948 Mary Leakey alipata huko fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya sokwe wa miaka milioni 18 hivi iliyopita, aliyehifadhiwa na majivu ya volkano ya Kisingiri.

Lugha yao, Olusuba, ni ya Kibantu. Lakini waliposa kwa Wajaluo na wakaozesha kwao, na mtoto hushika kwanza maneno ya mama. Kisha ikaja misheni na Biblia ya Dholuo, lugha ya Wajaluo, na shule ikafundisha kwa Dholuo. Hata Waziri Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, alikuwa na asili ya Rusinga na amezikwa huko, katika jengo lenye umbo la risasi. Kenya nzima ilimwomboleza kama Mjaluo. Wachache walitaja Usuba wake.

Mezani napo mambo yamegeuka. Wazee wa ziwani wakitaja samaki mtamu hutaja fulu, kadogo kenye miiba mingi, na ngege. Mbuta, yaani sangara, aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960; kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewamaliza fulu wengi. Minofu yake ikawa inapandishwa ndege kwenda Ulaya, na mwenyeji akabaki na mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa, unaokaangwa na kuuzwa kando ya njia. Kwangu mimi hiyo ndiyo historia ya uchumi wa ziwa hili, iliyopangwa kwenye sinia.

Omena, dagaa wa ziwa hili, hawakwenda kokote. Huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi hupumzika. Asubuhi wanawake huwatandaza juu ya nyavu kuukuu, huku mkono mmoja ukifukuza korongo. Kuwapika kunataka subira: unawaosha kwa maji moto mara mbili tatu hadi mchanga uishe, unawakausha kwenye sufuria mpaka waanze kulia, ndipo mafuta, kitunguu na nyanya vifuate. Kuon, ugali wa mtama au wimbi uliotiwa muhogo, huwangoja pembeni. Asiyewaosha vizuri hujulikana kwa tonge la kwanza.

Kwenye muziki ndipo visiwa vya mbali, vya Karibi, vinapoingia. Kuanzia miaka ya 1930 sahani za santuri za mfululizo wa G.V. zilileta Afrika nyimbo za Cuba, kisiwa ambacho ngoma zake zilibebwa na watumwa, wakiwemo wa asili ya Kongo. Wakongo wakaitambua sauti, wakaigeuza rumba yao, nayo ikafika Nyanza kwa gramafoni na redio. Huku ikakuta nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane, na vidole vilivyozoea kuzidonoa moja moja. Mpigaji gitaa akadonoa vivyo hivyo, besi ikakimbia, benga ikazaliwa. D. O. Misiani, aliyeipa sifa, alizaliwa Shirati, Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka wa Migori, na bendi yake ikaitwa Shirati Jazz.

Benga hiyo iliimbwa kwa Dholuo. Nashuku kwamba ilimaliza kazi iliyoanzwa na shule: kijana wa Rusinga hakulazimishwa tena kuacha Olusuba, aliiacha akicheza.

Migori nayo ina kisiwa chake, Migingo, jiwe lisilofika hata nusu ya uwanja wa kandanda, ambalo Kenya na Uganda zimeligombania tangu miaka ya 2000. Sensa ya 2009 ilihesabu huko watu 131. Mabati yamebanana hata kichochoro ni cha mtu mmoja. Polisi wa nchi mbili wakibishana kuhusu bendera, Wajaluo na Waganda wanalala ukuta kwa ukuta na kupimiana mbuta kwenye mizani ile ile, kwa Kiswahili cha kuombana radhi: wageni na majirani, kama walivyoanza Abasuba.