Viwanja vya Shule Zetu: Kiungani, Mbweni na Minaki

Katika mwaka wa jubilei twapenda kuhesabu makanisa yaliyojengwa na makasisi waliowekewa mikono. Ni vyema. Walakini kabla ya jengo hutangulia kiwanja, na habari za viwanja vya shule zetu hazisimuliwi sana. Basi twaona yafaa kuzieleza kwa ufupi, kwa kuwa zina mafundisho kwa wote watakao kujenga shule leo.

Askofu Tozer na Dkt. Steere walifika Unguja mwaka 1864. Sultani Majid akawapa watoto watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, nao wakawa wanafunzi wa kwanza. Walikaa mjini, lakini mji ule haukufaa kulelea watoto. Nyumba zilisongamana, na katika miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu maelfu. Kiwanja cha shule kilipatikana nje ya mji, Kiungani, mwendo wa maili 2 hivi upande wa kusini, karibu na bahari. Hapo palikuwa na upepo na nafasi ya kulima. Tena hapakuwa mbali hata mwalimu ashindwe kwenda mjini na kurudi siku ile ile. Chuo cha Mtakatifu Andrea kikaanza hapo mwaka 1869. Ndiko alikosoma Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza wa Misioni yetu kupewa upadre, mwaka 1890.

Mwaka 1871 Misioni ikanunua shamba la Mbweni, mbele ya Kiungani. Humo ikajengwa shule ya wasichana, na tangu 1874, siku za Askofu Steere, watu waliowekwa huru wakakalishwa humo. Hapa yatupasa kusema kweli. Waliokaa Mbweni walipewa mahali pa kujenga na kulima, walakini hati ya shamba ilikuwa ya Misioni, si yao. Mtu aliyetoka utumwani alipata nyumba, shule na kanisa. Ardhi ya kumrithisha mwanawe hakuipata. Twawaheshimu sana waliotutangulia, lakini hilo si jambo dogo, maana asiye na ardhi hukaa kwa hisani.

Mwaka 1925 chuo cha Kiungani kikahamishiwa Minaki, katika vilima vya Kisarawe, kwani wanafunzi wengi walitoka bara na safari ya bahari ilikuwa taabu. Minaki ikalea walimu na waganga wengi. Baada ya sheria ya elimu ya 1969 shule za misioni zikawa za Serikali, na Minaki pia. Kazi haikupotea, watoto wa dini zote husoma pale.

Leo ardhi yote ya Tanganyika ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais, na tangu sheria za 1999 ardhi ya kijiji haitolewi ila kwa baraza la kijiji na mkutano mkuu wake. Baadhi yetu huona ni kuchelewesha kazi. Sisi twaona ni kinga. Anayetafuta kiwanja cha shule na aulize kwanza: maji yapo hata wakati wa kiangazi? Mtoto mdogo aweza kufika kwa miguu wakati wa masika? Mipaka imepimwa mbele ya majirani? Tena aulize, nani analima hapo sasa, na minazi ile na miembe ile ni ya nani? Kwa desturi ya pwani udongo waweza kuwa wa mtu mmoja na miti ya mwingine.

Tumkumbuke Ibrahimu. Alipofiwa na Sara, Wahiti walitaka kumpa shamba la Makpela bure, naye akakataa; akapima fedha shekeli 400 mbele ya watu wote langoni, na shamba likathibitishwa kuwa lake pamoja na miti iliyokuwa ndani yake. Shule iliyojengwa juu ya manung'uniko ya jirani hufundisha manung'uniko. Mungu atujalie viwanja ambavyo wajukuu wetu hawataulizana vilipatikanaje.