Maumivu ya Jana



Wapo watu wanaokimbia maratoni siku nyingi mfululizo. Mwaka 1980 Terry Fox wa Kanada, mwenye mguu mmoja wa bandia, alikimbia karibu maratoni nzima kila siku kwa siku 143, mpaka saratani ilipomsimamisha. Ugumu wake ni huu: kila asubuhi mtu huanza na maumivu ya jana.

Sisi wa Mbulu na Hanang tunalielewa jambo hilo. Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico City, John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka akaumia goti, ilhali nusu ya safari ilikuwa bado. Alifungwa bendeji, akaendelea. Alifika wa mwisho, wa 57, dakika 65 baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Wakimbiaji 18 hawakumaliza kabisa.

Mwaka 1978 Gidamis Shahanga wa Katesh akatwaa dhahabu ya maratoni ya Jumuiya ya Madola, Edmonton.

Vijana huniuliza yupi tumwige. Nawajibu: Shahanga, siku mkiamka na nguvu, Akhwari, siku mkiamka na maumivu ya jana. Siku hizo ndizo nyingi.