Nani Aliyesema kwa Niaba ya Mvita?

Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 yaegemea sana usemi wa Mombasa. W. E. Taylor, aliyechapisha methali za Kiswahili mwaka 1891, alisaidiwa na Mwalimu Sikujua, mwanachuoni wa mji uo huo, katika kukusanya tungo za Muyaka bin Haji. Pasipo hifadhi ya mzee huyo nyingi zingalipotea. Hilo halina ubishi. Lakini sampuli ya namna hii hutupa sauti ya wajuzi, si ya mji mzima.

Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita kikashindwa nyumbani kwake. Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 haikupokea wajumbe Waafrika hadi 1946. Wenye lugha walikuwa mashahidi tu, tena wasioitwa.

Hata leo mtafiti hupiga hodi Mji wa Kale, asivuke Makupa kufika Kibarani, kisha akaandika “Wamombasa husema”. Heri ataje mtaa, kazi na umri wa kila msemaji, pamoja na idadi ya waliokataa kumjibu.