Wakimbizi Waliowafundisha Jirani Zao Kula Uyoga

Ninyi mnaosikiliza kwa vikundi, karani na awe na kalamu tayari, maana mwishoni nitawaachia maswali. Nawe unayelisoma somo hili kwenye karatasi, lisome polepole, kisha mpe mwenzako.

Leo tutazungumza juu ya uyoga. Labda mmoja wenu anacheka na kuuliza, "Uyoga nao una historia?" Ndiyo, unayo, na ndani yake mna vita, njaa na vifo. Sikilizeni.

Tuanze na ramani. Ufini ni nchi ya kaskazini ya Ulaya, katikati ya Uswidi na Urusi. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni misitu na maziwa. Kwa muda wa karne nyingi ilitawaliwa na Uswidi, halafu tangu mwaka 1809 ikatawaliwa na Urusi, mpaka ilipopata uhuru wake mwaka 1917. Kutawaliwa huko kuliacha alama hata katika vyungu vya jikoni. Watu wa mashariki, hasa wa jimbo la Karelia, walikaa karibu na Wakristo wa Kiorthodoksi, ambao siku za kufunga hawali nyama, wala maziwa, wala mayai. Kitoweo chao siku hizo kilikuwa uyoga uliotiwa chumvi, na desturi hiyo ikaenea kwa jirani. Lakini watu wa magharibi hawakuwa na desturi hiyo. Wao waliona kwamba uyoga ni chakula cha ng'ombe, na mtu kuula ni aibu.

Jambo hili si geni kwetu. Hapa Tanzania pia, wako watu ambao mvua zikinyesha huingia katika miombo na vikapu vyao, na wako wengine ambao hata ukiwapikia uyoga kwa karanga hawataonja. Kila mtu husema mila yake ndiyo akili.

Basi ikaja njaa kuu ya Ufini, miaka ya 1866 hadi 1868. Mwaka 1867 baridi haikuondoka mapema, kisha ikarudi kabla ya mavuno, na nafaka ikaharibika mashambani. Watu zaidi ya 100,000 walikufa kwa njaa na kwa maradhi yaliyofuatana nayo. Wengine walisaga magome ya misonobari wakayachanganya na unga. Walikuwako wasomi waliowahimiza wenye njaa wale uyoga wa msituni. Lakini kuhimiza ni jambo moja, na kufundisha ni jambo lingine. Mtu ambaye hajawahi kushika uyoga mkononi, ukimpa karatasi na kumwambia, "Huu ni mzuri, ule ni mbaya," atafanyaje? Ataogopa, na asipoogopa, huenda akafa.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Katika misitu ya Ufini huota uyoga mmoja mweupe, mzuri wa kutazama, ambao wataalamu huuita Amanita virosa. Sumu yake haiondolewi kwa kupika, wala kwa kukausha, wala kwa chumvi. Tena ina hila. Aliyeula hulala salama bila kuhisi kitu kwa saa nyingi. Halafu huanza kutapika na kuhara. Kisha hupata nafuu kidogo, ndugu zake wakashukuru; kumbe wakati huo ini lake linaharibika. Kwa hiyo, msikilizaji, usingoje mtu azidiwe. Mtu yeyote akishukiwa kula uyoga wenye sumu, apelekwe hospitali mara moja, na mabaki ya uyoga yachukuliwe pamoja naye.

Sasa tuje kwenye vita. Tarehe 30 Novemba 1939 majeshi ya Urusi ya Kisovyeti yaliivamia Ufini. Amani ilipofanywa Machi 1940, Ufini ilitoa sehemu kubwa ya Karelia. Vita vikaanza tena mwaka 1941, na vilipokwisha mwaka 1944 nchi hiyo ikapotea moja kwa moja. Watu zaidi ya 400,000 walihama makwao. Serikali iliwagawia mashamba sehemu nyingine za nchi, na wengi wakawa jirani wa watu wale wale waliouita uyoga chakula cha ng'ombe.

Hebu mfikirie mama wa Karelia katika kijiji kigeni. Ng'ombe wake ameachwa njiani, nyumba yake iko upande wa pili wa mpaka. Wakati wa mvua unafika. Anachukua kikapu, anaingia msituni, anarudi na uyoga tele. Jirani wanamtazama na kunong'ona. Yeye anauchemsha, anamwaga maji ili uchungu utoke, anautia chumvi katika pipa. Majira ya baridi yakija, ana kitoweo. Hivyo ndivyo desturi ya mashariki ilivyoingia magharibi: mkimbizi aliyedhaniwa hana kitu alikuja na elimu kichwani, elimu ambayo hakuna askari awezaye kuipokonya mpakani.

Lakini elimu ya mama kwa mtoto ina mpaka wake: humfikia aliye karibu tu. Kwa sababu hiyo, mwaka 1969, Ufini ilianzisha mafunzo rasmi ya washauri wa uyoga. Mshauri alifundishwa kwanza yeye, kisha akaenda kuwafundisha wachumaji katika wilaya yake. Kwa njia hiyo makumi ya maelfu ya watu wamefundishwa. Faida yake si mboga tu. Sheria ya nchi ile inamruhusu kila mtu kuchuma uyoga msituni, hata kama msitu si wake, mradi asiingie katika ua wa mtu. Na fedha anazopata mchumaji kwa kuuza uyoga alioutafuta mwenyewe hazitozwi kodi ya mapato.

Je, mafunzo ya namna hii huendaje? Si darasa la kukaa kitako. Mwalimu na wanafunzi huingia msituni pamoja. Kila mtu huchuma, kisha wote huja mezani na kumwaga vikapu vyao, na uyoga hutengwa aina kwa aina. Kanuni ya kwanza: jifunze kwanza ule unaoua. Ukishaujua huo, ongeza aina chache nzuri, mbili au tatu, si ishirini.

Mwanafunzi huambiwa aung'oe uyoga mzima, asiukate juu. Kwa nini? Kwa sababu ule mweupe wenye sumu una kifuko chini ya shina, nacho hujificha ardhini. Akikata juu, ameiacha dalili kubwa shimoni. Kisha huugeuza atazame chini ya kofia, penye vipande vyembamba kama matamvua ya samaki. Ule wenye sumu matamvua yake hubaki meupe. Ule wa malishoni, ambao watu huufananisha nao, matamvua yake huwa na rangi ya waridi, kisha hudhurungi iliyoiva. Huunusa, huubonyeza, hutazama umeota karibu na mti gani. Mambo haya hayaingii kwa masikio. Huingia kwa vidole, macho na pua.

Hapo ndipo imani za zamani huanguka. Wengine husema kijiko cha fedha kitageuka cheusi kikitiwa katika uyoga wenye sumu. Si kweli. Wengine husema ukiliwa na konokono, mtu naye aweza kuula. Si kweli; konokono hula uyoga unaomwua mtu.

Tanzania nasi tuna walimu wetu. Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Ufini, Marja Härkönen na Tuomo Niemelä, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Tanzania, walitoa kitabu juu ya uyoga wa Tanzania. Waliyoandika mengi waliyapata kwa wanavijiji wanaojua uyoga wa kichuguu na uyoga wa miombo kwa majina. Wasomi walikwenda kwa akina mama wakauliza, wala hawakuona haya.

Lakini kumbukeni jambo moja. Elimu ya uyoga ni ya mahali pake. Katika miombo watu hula aina fulani za jamaa ya Amanita bila kudhurika. Mtu huyo huyo akienda Ulaya, akaona uyoga unaofanana na wa kwao, akaupika, anaweza kuiua nyumba nzima. Ugenini, hata bingwa huanza upya kama mtoto.

Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Katika jambo la uyoga, ulimwengu hufundisha mara moja tu. Basi, kama bibi yako yu hai naye anajua uyoga wa porini kwenu, usingoje. Mvua zikija, chukua kikapu umfuate. Na uyoga usioujua kwa hakika, uache pale ulipoota.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Kwa nini maneno matupu hayakutosha kuwasaidia watu wa Ufini wakati wa njaa?

2. Taja elimu moja iliyoletwa kijijini kwenu na wageni au wahamiaji. Mliipokeaje mwanzoni?

3. Nani katika kijiji chenu anajua uyoga wa porini, na nani anajifunza kwake sasa?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.